Picha ya Arobaini ya Ato Demissew

Tahsas 1, Jumatatu

Baridi ya Debre Birhan leo imeniingia mpaka kwenye meno. Mfungo wa Krismasi unaendelea. Jana mchuzi wa shiro, leo shiro, na ya kesho sina haja ya kuuliza. Lakini siku kwangu imekuwa njema! Nimelimaliza tatizo lililoishinda studio ya bosi wetu, Gashe Wubshet, tangu ifunguliwe.

Picha zetu hutoka na tarehe pembeni, na tarehe yenyewe ni ya Wazungu. Wiki iliyopita mzee mmoja wa pensheni alirudisha yake kwa kelele, eti tumemzeesha miaka saba, huko 2018 yeye hajafika na huenda asifike. Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilifikiri. Leo nimeingia kwenye saa ya kompyuta kubwa nikaipanga kwa kalenda yetu ya Ethiopia: mwaka 2011, mwezi wa nne, tarehe moja. Hata saa nimeinyoosha. Mashine ilikuwa inang'ang'ania kwamba ni saa nane, na jua liko pale pale linasema saa mbili asubuhi.

Gashe akasema leo nimetumia kichwa. Yoftahe, anayepiga picha za vitambulisho kwenye kompyuta ndogo ya kona, akauliza siku nyingine huwa natumia nini. Nilijitia sikusikia. Wivu tu.

Mchana akaja Etye Zenebech, mjane wa Ato Demissew mwenye kinu cha kusaga nafaka. Amevaa nyeusi tii kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. Nyuma yake bintiye, Tirsit. Moyo wangu ukaruka. Etye akatoa picha iliyokunjwa kwenye leso: marehemu kwenye arusi ya jirani, glasi ya pombe ya tella mkononi, kicheko kimejaa uso, tumbo limetangulia mbele kama kawaida yake. Anataka isafishwe, ikuzwe iwe ya ukutani, iwekwe hemani Jumapili kwenye arobaini.

Kabla Gashe hajafungua mdomo nikasema nitaifanya bure. Gashe alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulieleza. Lakini Tirsit naye alinitazama! Hesabu yangu ni rahisi. Picha itapendwa, mama mtu atanibariki, msiba ukishapoa nitatuma wazee wakaniposee. Yoftahe akajipendekeza, akasema hata yeye anaweza kuifanya. Nikamwambia kompyuta kubwa ni yangu, aendelee na masikio ya watu kwenye vitambulisho vyake.

Tahsas 2, Jumanne

Nimeiskani picha. Nzuri, lakini nataka nzuri zaidi. Kuna mtu aliniambia ukiiondoa draiva ya zamani ya kadi ya picha, ile programu inayoiwezesha mashine kuionyesha picha vizuri kwenye skrini, halafu ukaweka mpya, hata sura za watu zinakuwa laini. Basi nikaiondoa ya zamani.

Lo! Skrini ikazima, ikawaka, na kila kitu kimepanuka. Herufi kubwa kubwa za kitoto. Aikoni zimebonyea kama mkate wa injera uliokaliwa. Ato Demissew, ambaye hakuwa mtu mdogo, sasa mabega yake yamegusa kingo zote mbili.

Hakuna shida, nikasema, naweka mpya. Intaneti ikakataa. Kila ukurasa unasema si salama. Kila ukurasa! Ulimwengu mzima umekuwa wa hatari siku moja. Nikaenda kwa mwenye intaneti karibu na stendi nikaichukua draiva kwenye flashi. Mashine ikaitazama ikasema cheti cha programu hii hakiko ndani ya muda wake kwa mujibu wa saa ya mashine. Nikaelewa mara moja: nimepewa draiva iliyochacha. Nikarudi kumfokea yule bwana. Akanipa mpya zaidi, ya mwezi uliopita tu, bado ina moto. Nayo ikakataliwa, maneno yale yale.

Mpaka saa tisa nilikuwa sijatia kitu tumboni, mfungo huo. Kichwa kinawanga. Gashe akauliza kazi inaendaje. Nikasema vizuri kabisa. Akauliza mbona aikoni zimevimba. Nikasema ni kwa ajili ya macho, wataalamu wa Addis wote wanafanya hivyo. Akaniambia kwa upole kwamba Etye Zenebech si mteja wa kuchezewa, marehemu alimsagia yeye Gashe ngano miaka yote wala hakuwahi kumpunja hata kiganja. Upole wa Gashe unatisha kuliko kelele zake.

Tahsas 3, Jumatano

Baeta, sikukuu ya Bikira Maria. Gashe na Yoftahe wamekwenda kanisani. Mimi nimejisingizia mafua ili nibaki peke yangu na mashine.

Nimefikiri usiku kucha, nikajua ubaya si wa draiva. Ubaya ni wa skrini. Skrini ya Yoftahe inaonyesha watu wakiwa na upana wao wa kawaida. Mpango: nibadilishe, yake nichukue mimi, yangu apewe yeye. Yeye anahitaji masikio tu, atayaona hata yakiwa mapana.

Nikachomoa kebo. Nikachomeka. Haikuingia vizuri, nikaisukuma kwa goti. Ikaingia. Nikawasha, na Ato Demissew akatokea kwenye skrini ya Yoftahe akiwa mpana vile vile! Skrini nazo zinaambukizana, sikujua. Nikarudisha kila kimoja mahali pake haraka kabla watu hawajatoka kanisani, na kebo ile ile nikaisukuma tena kwa goti. Kulikuwa na pini moja imelala kidogo. Nikainyoosha kwa kisu cha vitunguu.

Sasa balaa jipya. Picha yote imekuwa na rangi ya maji ya bwawa. Wekundu umebaki kwa mbali sana. Marehemu anacheka huku mashavu yake ni ya kijani.

Yoftahe aliporudi alisimama nyuma yangu akauliza kama nimeanza kufuga samaki humo ndani. Nikamwambia ni hatua ya kwanza ya kusafisha. Akasema huenda kebo imeumia, niruhusu aiangalie. Ndiyo, aiangalie, ashike mashine yangu, Jumapili watu wamsifu yeye! Nikaikumbatia skrini. Akaondoka akitikisa kichwa. Kanisani walikula mkate wa heri. Hakuniletea hata kipande.

Tahsas 4, Alhamisi

Nimekata shauri. Mashine ikikataa kubadilika, picha itabadilika.

Marehemu ni mpana mno? Nikambana kushoto na kulia, taratibu, mpaka akarudi saizi yake. Ni kijani? Nikamwongezea wekundu. Haukutosha. Nikaongeza. Nikaongeza tena mpaka mwisho wa kipimo, na hapo uso wake ukawa uso wa mtu, wa rangi ya kahawa, umechangamka, unapendeza. Nilijikuta nimesema kwa sauti: karibu, Ato Demissew! Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa alirudi nyuma akatoka.

Hakuna aliyenifundisha haya. Watu wanahangaika na draiva, mimi nimeizunguka.

Yoftahe akapita, akasema kwa skrini ilivyo, ningechapisha kwanza kipande kidogo nione rangi ikoje kwenye karatasi. Kumbe anataka kopi! Aichapishe, aipeleke kwao mbele yangu, aseme kazi ni yake. Namjua. Nikamwambia fundi anayeyaamini macho yake hana haja ya vipande. Akasema sawa, bwana macho.

Tahsas 5, Ijumaa

Leo nitaikumbuka.

Tirsit alikuja peke yake, mama yake amemtuma aone kazi imefikia wapi. Nikampa kiti. Nikamfutia kiti. Kisha nikaifungua picha.

Aliisogelea. Akaweka mkono mdomoni. Machozi yakamtoka, na akacheka humo humo. Akasema ni yeye, ni baba kabisa, hivi hivi alivyokuwa. Nikasema ni kazi kidogo tu, huku masikio yangu yanawaka.

Ndipo akanieleza. Ugonjwa ulimla baba yake tangu Pasaka. Mtu aliyekuwa akibeba gunia la ngano kama mto wa kulalia alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Mwishoni alikuwa na homa mchana na usiku, uso umekuwa mwekundu, macho yamezama. Na mji mzima ulikuja kumjulia hali, ukamwona vile. Mama yake haongei kingine. Anasema hataki watu wabaki na ile sura. Anataka Jumapili waingie hemani wamkute Demissew wao, mnene, anacheka, waondoke na huyo.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wataondoka na huyo huyo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniita kaka. Hilo la kaka nitalishughulikia baadaye.

Picha kubwa hatuchapishi hapa, tunapeleka Addis. Nikaiweka kwenye flashi, nikamkabidhi dereva wa basi, nikawapigia wachapaji simu: fremu ya dhahabu, kioo, wafunge vizuri kwa karatasi. Yoftahe akauliza kama nimeifungua kwenye mashine nyingine kabla ya kuituma. Nikamwuliza kama yeye huwa anaonja mkate wa jirani kabla haujaiva. Akarudi kwenye kona yake. Nilimnyamazisha.

Tahsas 6, Jumamosi

Imefika jioni. Nzito! Karatasi ya khaki, utepe kila upande. Gashe akataka tuifungue tuione. Nikakataa katakata. Mpango wangu ni kuifungua mwenyewe hemani, mbele ya watu wote, baada ya dua ya makasisi. Nimeandaa hata maneno. Nimeazima koti.

Gashe akasema kwenye msiba mtu hatafuti makofi. Lakini ameniruhusu.

Tahsas 7, Jumapili

Sijui nianzie wapi.

Hema lilijaa mpaka nje. Makasisi walimaliza, ubani bado uko hewani, wanawake wanapita na sinia za injera na dengu. Etye Zenebech ameketi mbele na wazee. Nikasimama. Nikasema maneno yangu, kwamba kifo kimechukua mwili lakini sura imebaki, na leo nawarudishia Ato Demissew kama mlivyomjua. Nikachana karatasi.

Wanawake wakasimama na sinia zao.

Nikadhani wameduwaa kwa uzuri. Nikageuka nami nitazame.

Mungu wangu. Mtu amekonda! Uso mrefu, mashavu yamebanwa, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Na mwekundu. Mwekundu kama aliyepakwa pilipili ya berbere, macho yamezama kwenye wekundu huo. Hata kile kicheko, kwa kubanwa vile, kimekuwa kama meno yanayouma.

Mwanamke mmoja kule nyuma akapiga ukelele kwamba jamani, ndivyo alivyokuwa wiki ile ya mwisho, ndivyo hivi hivi! Basi. Hema lote likaanza kulia upya, kilio cha siku ya maziko, si cha arobaini. Mzee mmoja akaniuliza kwa ukali ni nani aliyempiga marehemu picha kitandani.

Etye Zenebech hakulia. Aliinuka, akavua netela, shuka yake nyeupe aliyojifunga juu ya nguo nyeusi, akaifunika fremu. Akarudi kuketi. Akawaambia watu wale chakula, kinapoa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonimaliza.

Tirsit akanijia. Nikaanza kumweleza kwamba ni wachapaji. Akasema niondoke. Hakuniita kaka.

Nimerudi kwa miguu. Koti la watu limeshika dengu.

Tahsas 8, Jumatatu

Asubuhi niliwapigia wachapaji wa Addis nikawatukana mpaka salio likakata. Kabla halijakata walisema wamechapa kilichokuja. Waongo hawakosi la kusema.

Gashe alimwita Yoftahe, akamwonyesha mashine yangu kwa kidole. Yoftahe akakaa kwenye kiti changu. Changu! Kwanza akachomoa kebo, akaitazama kwenye mwanga, akaitupa, akachukua nyingine. Maji ya bwawa yakatoweka. Kisha akatazama chini kwenye pembe ya skrini, penye tarehe. Akatazama muda mrefu. Akaanza kucheka, akakumbuka msiba, akajizuia, mabega yakaendelea kucheka peke yake.

Akamweleza Gashe kwamba mashine hii inaamini ni mwaka 2011 wa Wazungu. Programu ya kadi ya picha imetengenezwa 2018. Ndiyo maana mashine imeikataa: kwa saa yake, programu hiyo haijazaliwa bado. Na kadiri ninavyoleta mpya zaidi ndivyo inavyozidi kuwa mbali kuzaliwa. Intaneti nayo ilifunga milango kwa sababu hiyo hiyo. Akairudisha saa kwenye kalenda ya Wazungu. Akaweka flashi yangu, draiva ile ile niliyoiita imechacha, na ikaingia bila kelele. Aikoni zikanywea. Herufi zikawa za watu wazima.

Halafu akafungua kazi yangu. Kwenye skrini nzima, iliyopona, Ato Demissew wa jana akatutazama. Mwembamba. Mwekundu. Yoftahe hakucheka tena. Akasema taratibu, Damtew, uliibana picha ilingane na skrini mbovu. Nikasema nilibana kwa macho yangu. Akasema ndiyo, ndiyo shida.

Nilimweleza Gashe kwamba katika yote haya mimi nina kosa moja tu, nalo ni kuipenda kalenda ya nchi yangu. Akaniambia kuanzia leo nitakuwa nakata kadibodi za fremu kule nyuma. Kule hakuna hata dirisha.

Yoftahe akaiskani picha ya arusi upya, akaisafisha, akachapisha kipande kidogo, akakitazama mlangoni kwenye jua. Akaituma Addis kwa basi la mchana. Kila kitu alichofanya ni kile kile nilichofanya mimi, ila yeye amebahatika.

Tahsas 9, Jumanne

Picha ya Yoftahe imerudi jioni hii. Imefunguliwa hapa hapa dukani, bila hotuba, bila koti. Nimechungulia kutoka kule nyuma. Haya, ni yeye. Mnene, wa rangi yake, glasi mkononi, anacheka.

Etye Zenebech alikuja peke yake kuichukua. Akaishika mbele yake kwa mikono miwili, akaitazama, akamtazama tena mumewe machoni. Akamshukuru Yoftahe, akambariki yeye na watakaozaliwa kwake. Baraka zangu hizo! Nikatoka na kisu cha kadibodi mkononi, nikainama, nikamwambia Etye, pole sana, mashine ilinisaliti.

Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia. Aliniambia, mwanangu, kwa arobaini nilikuwa na siku moja. Watu walitoka vijijini, wengine sitawaona tena. Nilitaka waende makwao na huyu. Wamekwenda na yule yule waliyekuja naye. Sasa huyu nimpeleke wapi? Nitamtundika ukutani, nitakuwa namtazama mimi peke yangu.

Gashe akageuza uso, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Yoftahe akainamisha kichwa. Mimi nikaona hapa ndipo mahali pa kumfariji. Nikamwambia asihuzunike, kama ni unene tu, unene hauna kazi, mimi naweza kumwongezea kiasi chochote anachotaka.

Akanitazama. Akaifunga picha kwenye netela, akaibeba kifuani, akaenda. Mlangoni akasema nisije tena kwao. Nafikiri ni uchungu wa msiba unaosema.

Maana nimelifikiria vizuri nikikata kadibodi. Kosa la Jumapili lilikuwa nini? Alikonda. Basi dawa yake inajulikana. Yoftahe alipotoka kwenda kunywa kahawa niliketi kwenye kiti changu dakika chache, nikamvuta marehemu kushoto na kulia. Mashavu yamejaa, tumbo limepita fremu, vifungo vya koti viko mbioni kukatika, na kicheko nimekipanua mpaka karibu na masikio. Hajawahi kunenepa hivi hata enzi za uzima wake. Flashi nimeshamkabidhi dereva wa basi. Itarudi Alhamisi, na nitampelekea Etye mwenyewe mpaka mlangoni, na Tirsit akiwepo ndiyo vizuri zaidi.